Aidan Daimu Luambano, Fundi wa Wodi ya Watoto Njiti (1960–2025)

Baba Paroko, wazee wa ukoo wa Luambano, majirani wa hapa Madaba, na ninyi mliotoka Songea alfajiri kwa mabasi mawili: poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni Saimon, mpwa wa marehemu. Wazee wamenipa kazi ya kuandika na kusoma wasifu huu kwa sharti kwamba nisilete utani. Sharti nimelikubali. Marehemu mwenyewe hakuwepo kwenye kikao hicho, kwa hiyo yeye hakukubali chochote.

Mjomba aliacha ombi moja tu kuhusu siku ya leo. Nyimbo hakuchagua, jeneza hakuchagua, na suti alisema tumvalishe yoyote ambayo bado inafunga vifungo. Alichotaka ni kuzikwa karibu na mtoto wake wa kwanza, aliyefariki mwaka 1986 akiwa na umri wa siku mbili. Ni ombi dogo, ila lilikuwa na kasoro yake. Hadi juzi Jumatano, hapakuwa na mwanaume hata mmoja katika ukoo huu aliyejua mtoto yule alizikwa wapi. Nitaeleza jambo hilo lilivyokwenda, kwa sababu maisha ya mjomba hayaelezeki bila hilo.

Aidan Daimu Luambano alizaliwa tarehe 14 Machi 1960 hapahapa Madaba, mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Daimu Luambano na Mama Skolastika, wote marehemu. Alianza darasa la kwanza mwaka 1968, akamaliza la saba mwaka 1974. Kaka yake, Mjomba Pankrasi aliyeketi pale mbele, anasema Aidan alikuwa mtoto mtulivu. Mama yangu, ambaye ni dada yao, anasema mtoto huyo mtulivu aliifungua redio ya baba yao akiwa na miaka tisa, akaifunga tena, zikabaki skrubu tatu mkononi, na redio ikaendelea kuongea. Skrubu alizitupa chooni. Mzee Daimu alikufa bila kujua.

Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha ufundi mjini Songea, na mwaka 1978 akahitimu ufundi umeme. Alihitimu. Hilo nalisoma taratibu, kwa sababu nilipoacha diploma yangu katikati, ukoo mzima ulikuja kunihutubia, mmoja baada ya mwingine, na wengine walirudia zamu. Yeye aliniuliza swali moja: "Umebakiza nini?" Nikamwambia semista mbili. Akasema, "Basi haijafa hiyo. Ni njiti tu. Inataka joto, na mtu wa kuikumbuka kila baada ya saa tatu." Kwa wale watakaoniuliza baadaye pale kwenye chakula: bado iko kwenye joto.

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa takatifu na Getruda Haule katika parokia ya hapa. Wakati huo mjomba alikuwa akiendesha mashine ya kusaga ya kijiji, na Mama Pamela, kama tunavyomwita leo, anasema alimpenda kwa kuwa ndiye kijana pekee aliyekuja kuchumbia akiwa mweupe wa unga badala ya kuwa mweupe wa poda.

Mimba yao ya kwanza haikutimiza miezi. Tarehe 22 Juni 1986, mimba ikiwa ya miezi saba, Mama Pamela alijifungua mtoto wa kiume kwenye zahanati. Juni ya Madaba mnaijua, maji ya kunawa asubuhi yanauma mikono. Sista mmoja alimbatiza yule mtoto kwa maji ya kikombe na kumwita Daudi, jina ambalo wazazi walikuwa wamekwisha kulichagua. Uzito wake haukuandikwa popote. Akafungwa pamba na khanga, akarudishwa nyumbani, akawekwa karibu na jiko la mkaa. Hicho ndicho kilichokuwapo.

Mjomba alikaa nje. Kwa desturi ya nyumbani kwetu enzi hizo, mwanaume hakuingia kwa mzazi mpaka kitovu cha mtoto kianguke. Alikaa nje siku mbili, anapasua kuni ambazo hakuna aliyemtuma. Siku ya pili mmoja wa wanawake alitoka mlangoni akamwambia, "Aidan, yameisha. Nenda kaoge." Hakumwona mtoto wake hata mara moja. Wanawake watatu wakamchukua Daudi wakaenda kumzika, bila matanga, bila kengele ya kanisa, na kwa desturi hiyohiyo baba haambiwi ni wapi. Mama naye alikuwa kitandani ana homa. Wiki iliyofuata mashine ya kusaga ikafunguliwa kama kawaida.

Mwaka 1989 mjomba aliajiriwa hospitalini mjini Songea, kwanza kuangalia jenereta, baadaye fundi umeme wa majengo yote. Familia ikahamia mtaa wa Ruhuwiko. Huko wakajaliwa Pamela, Leo na Jane, ambao wote walizaliwa wazito, na mjomba aliwapima mwenyewe kwa mizani ya hospitali kila mwezi mpaka Leo akafika darasa la pili akaanza kuona aibu.

Mwaka 2017 hospitali ilifungua wodi maalumu ya watoto wachanga mahututi, wale wanaozaliwa kabla ya wakati, ambao sisi tunawaita njiti, na wale wanaozaliwa hawapumui vizuri au wana manjano makali. Mjomba alipelekwa kozi ya vifaa tiba, akiwa na miaka hamsini na saba, darasani na vijana waliomwita babu. Akarudi kuwa fundi wa wodi ile. Mashine za joto, mashine za oksijeni, taa za bluu za kutibu manjano, vyote vilikuwa vyake. Alikuwa na mfuko wa plastiki aliojaza maji ya kilo moja kasorobo, na kabla mtoto hajalazwa kwenye mashine ya joto, mfuko ule ulilala kwanza pale nusu saa ukipimwa. Manesi waliuita mtoto wa Aidan. Sista Lidwina, muuguzi mkuu wa wodi, alikuwa akimkejeli: "Fundi, mwanao leo ameamkaje?" Naye hujibu, "Nyuzi thelathini na sita na nusu. Halii, hanyonyi, hana mama mkwe."

Soketi za wodi ile zilikuwa na utepe mwekundu, na juu ya kila moja aliandika kwa maka peni: HAPA ANAPUMUA MTU. Siku moja alikuta simu ya daktari imechomekwa. Aliichomoa, akaenda nayo mpaka jenereta, akaichaji huko, akairudisha ikiwa imejaa pamoja na karatasi: "Mgonjwa amepata nafuu. Asirudishwe wodini." Daktari huyo yupo hapa leo na amecheka, kwa hiyo nami nimesamehewa.

Lakini watu wa wodi ile hawamkumbuki sana kwa mashine. Wanamkumbuka kwa akina baba. Mama wa njiti ana kazi yake: anakamua maziwa kila baada ya saa tatu, anambeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto. Baba yeye huletewa habari. Anasimama nje na chupa ya chai, anaambiwa "anaendelea", anaondoka. Mjomba alikuwa akipita na bisibisi yake, akiona mwanaume kasimama dirishani, hakuweza kuendelea na safari.

Agosti 2018 alimkuta kijana mmoja wa Tunduru, mkulima wa korosho, jina lake Abasi. Mkewe Halima alikuwa amefanyiwa upasuaji na bado hajiwezi, amelazwa wodi nyingine. Mtoto wao wa kike alizaliwa na gramu mia tisa na themanini. Abasi alikuwa na siku mbili pale dirishani. Mazungumzo haya nimeyapata kwake mwenyewe, maana naye ametoka Tunduru kuja kumzika mzee wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unasubiri basi?"

"Hapana mzee. Mwanangu yumo humo."

"Humo ndani kuna viti. Hapa nje pana upepo tu."

"Kwetu wanaume hawaingii kabla ya kitovu."

"Nani kakwambia?"

"Mama mkwe."

"Yuko wapi mama mkwe?"

"Tunduru."

"Basi hakuoni."

Abasi anasema alicheka kidogo, halafu akasema ukweli. "Naogopa mzee. Ni mdogo mno. Nikimshika nitamvunja." Mjomba akamwambia, "Mimi wangu sikumshika, na kutomshika hakukumponya. Njoo unawe. Mpaka kwenye viwiko, kama unatia udhu."

Sista Lidwina alimpa Abasi shati la vifungo, akamweka mtoto kifuani mwake pamoja na mirija yake, akafunga vifungo juu. Abasi akauliza kama anaweza kumwadhinia. Sista akasema, "Adhini baba, ila kwa kunong'ona, hapa kuna wengine wamelala." Akamwadhinia kwa kunong'ona, akampa jina, Nasrin. Alimbeba siku tatu. Alijifunza kusoma namba za oksijeni kwenye kioo, akawa anamwita nesi kabla mashine haijalia. Siku ya nne Halima aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akambeba na yeye.

Si kila mtoto aliyeingia wodi ile alitoka mzima. Mjomba hakupenda watu waseme uongo kuhusu hilo, nami sitausema kaburini kwake. Nasrin alifariki siku ya tano, asubuhi, akiwa mikononi mwa wazazi wake. Abasi alimchukua akaenda naye Tunduru. Kabla ya kuondoka alimtafuta mjomba karakana, akamshika mkono, akasema, "Ahsante mzee. Mimi nimemjua mwanangu. Siku ukipita Tunduru nitakuonyesha alipolala."

Mjomba alinisimulia kwamba alikaa karakana na bisibisi mkononi hadi saa ya kutoka kazini, na hakutengeneza kitu.

Jioni ile, nyumbani Ruhuwiko, alimuuliza mkewe. Hapa inabidi mjue kwamba tangu mwaka 1986, kila wakija Madaba, mjomba alipalilia kipande kidogo pale karibu na migomba, na Mama Pamela alipanda maua pembeni. Hawakuwahi kuambiana neno. Kila mmoja aliogopa kumuumiza mwenzake.

"Mama Pamela, pale kwenye migomba, kichwa chake kiko upande gani?"

"Kichwa cha nani?"

"Cha Daudi."

"Nitajuaje mimi? Wewe ndiye uliyeambiwa."

"Nimeambiwa na nani?"

"Sijui. Nilikuona unapalilia pale, nikajua wamekwambia."

"Mimi nilianza kupalilia kwa sababu nilikuona umesimama pale, umeinama, unatazama chini muda mrefu."

"Lini?"

"Mwaka uleule. Mwisho wa mavuno."

Mama Pamela akafikiri. "Nilikuwa natafuta kuku," akasema. "Yule mwekundu. Alikuwa anaficha mayai."

Miaka thelathini na mbili walikuwa wametunza kiota cha kuku. Mama Pamela amenipa ruhusa ya kusoma hili mbele yenu. Anasema walicheka mpaka wakakaa chini sakafuni, na walipomaliza kucheka hawakuinuka mara moja.

Kati ya wale wanawake watatu, wawili walikuwa wameshatangulia mbele za haki. Aliyebaki ni Bibi Oliva, shangazi wa marehemu, ambaye mwaka huu ametimiza miaka themanini na sita. Krismasi ya 2018 mjomba alikwenda kwake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kama umekuja kwa lile, kunywa chai urudi."

"Nimekuja kwa lile."

"Basi kunywa chai."

Alikunywa chai hiyo Krismasi saba. Bibi Oliva hakuwa na roho mbaya, na naomba asinitazame hivyo. Alikuwa na sababu yake, na aliwahi kumwambia mjomba waziwazi: "Tuliwaficha kwa makusudi. Mngepajua mngekaa palepale mnalia. Tulitaka mrudi ndani mzae wengine. Na mlizaa." Mjomba akamjibu, "Tulizaa, shangazi. Ila hesabu haikumfuta wa kwanza."

Alistaafu Machi 2020, lakini wodi iliendelea kumpigia simu, naye aliendelea kupokea kabla haijaita mara mbili. Februari mwaka huu miguu ilianza kuvimba na pumzi ikawa inakatika akipanda kilima cha Majengo kwenda sokoni. Madaktari wakasema moyo wake umetanuka. Tarehe 28 Agosti alilazwa hospitali ileile, akawekewa oksijeni. Aliisikiliza mashine dakika mbili akamwambia nesi, "Binti, filta ya huyu inataka kuoshwa." Nesi akamjibu kwamba imeoshwa jana. Akasema, "Basi ni masikio yangu. Lakini niambie kweli, hamkuitoa kwa watoto?" Akahakikishiwa haikutoka kwa watoto. Kesho yake aliuliza tena. Sista Lidwina ilibidi apande mwenyewe kutoka wodi yake kuja kuapa.

Siku za mwisho alimwambia mkewe maneno mawili: "Kamuulize wewe." Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Mama Pamela ameshika mkono mmoja na Pamela ameshika mwingine. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Jumatano ukoo ulikaa hapa kupanga maziko. Mjomba Pankrasi alikuwa amekwisha kupima mahali, kushoto kwa kaburi la baba yao, na kamba ilikuwa imeshanyooshwa. Aliposikia ombi la marehemu akasema, "Mtoto wa siku mbili hana kaburi. Na pale kwenye migomba wenyewe mmesema ni pa kuku. Nimzike mdogo wangu kwa kufuata kuku?" Bibi Oliva alikuwa kwenye mkeka na wanawake wenzake.

Mama Pamela hana kawaida ya kusema kwenye vikao. Juzi alisimama. Akasema, "Shemeji, sibishani na wewe. Shangazi, mimi sijawahi kukuuliza. Mume wangu alikuuliza miaka saba, mimi nikanyamaza kwa sababu nilikuwa mzazi mikononi mwako, ulinikanda na kuninywesha uji. Miaka thelathini na tisa sijakuuliza. Leo nakuuliza."

Mtu mmoja alikohoa akajutia. Kisha Bibi Oliva akasema, "Nipeni fimbo yangu."

Alitoka, sisi tukamfuata, wanawake mbele na wanaume nyuma. Alipita migomba bila hata kuitazama. Alikwenda mpaka kwenye jiwe la zamani la kusagia, akageuka, akahesabu hatua, akasimama mbele ya banda la mbuzi wa Mjomba Pankrasi. Akagonga ukuta wake kwa fimbo. "Banda hili halikuwepo," akasema. Akamtafuta mjane kwa macho. "Mama Daudi, ni humu. Tulimlaza kwa ubavu, uso kwenye nyumba, ili asione yuko mbali."

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Mama Daudi alikwenda akasimama pale, na mara hii hakuwa anatafuta kuku.

Mjomba Pankrasi alisogea mpaka kwenye banda. Alivua koti, akampa mama yangu, akaanza kung'oa fito za banda kwa mikono yake mwenyewe, ana miaka sabini na moja. Tukamsaidia. Kwa wale mliofika leo mkauliza kwa nini mbuzi wa mzee wamefungwa kwenye uzio wa jirani wanapiga kelele wakati wa misa, sababu ndiyo hiyo. Kaburi lilichimbwa hatua mbili pembeni, kwa maelekezo ya Bibi Oliva, ili aliyetangulia asiguswe. Wachimbaji walikwenda kwa jembe dogo tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyewaambia.

Marehemu ameacha mjane, Getruda. Ameacha wajukuu saba, kaka yake Pankrasi, dada wawili, shangazi yake Oliva, wapwa wengi na mmoja mwenye maneno mengi, na wodi moja mjini Songea ambayo asubuhi ya leo ina watoto kumi na tisa, kwa taarifa ya Sista Lidwina, ambaye amekuja kwa niaba ya wenzake kwa sababu hawakuweza kuja wote.

Kuhusu watoto, rasimu yangu ya kwanza ilisema alijaliwa watatu. Mjomba Pankrasi aliomba kalamu akanisahihisha kabla haijakwenda kuchapwa. Marehemu alijaliwa watoto wanne: Daudi, Pamela, Leo na Jane.

Wapumzike kwa amani, baba na mwanawe, hatua mbili kati yao.